Samaki wa siki: dalili za kasoro, chanzo chake na la kufanya

Kasoro nyingi za samaki wa siki huonekana siku ya kufungua chupa, lakini huzaliwa siku kadhaa nyuma, kwenye bakuli la chumvi. Ndiyo maana mtu huongeza siki, hubadilisha viungo, hununua chupa mpya, na mara inayofuata samaki anatoka vilevile. Kabla ya kuishuku siki, shuku chumvi. Kabla ya chumvi, shuku samaki mwenyewe.

Njia iliyonyooka, ili uwe na cha kulinganisha

Njia ni mbili, na kasoro zake hazifanani.

Ya kwanza ni ya samaki asiyepita motoni. Minofu iliyogandishwa kwanza (sababu iko chini, kwenye minyoo) inayeyushwa ndani ya friji na kukatwa vipande vya sentimita 3 hadi 4. Vipande vinalala saa 48 kwenye maji ya chumvi ya gramu 200 kwa kila lita ya maji, vinasuuzwa, kisha vinalowekwa kwenye siki tupu ya asilimia 5 kwa saa 24 hadi 48. Siki hiyo inamwagwa, vipande vinapangwa kwenye chupa, na siki mpya yenye viungo inamiminwa juu.

Ya pili ni ya samaki anayepikwa. Vipande vinakaa saa 12 kwenye maji ya chumvi ya kiasi kilekile, vinasuuzwa, vinatokoswa taratibu kwenye siki yenye viungo kwa dakika kama 10, mpaka uma upenye bila kusukumwa. Vinaopolewa na kupozwa haraka kwenye friji, vikiwa vimetandazwa safu moja. Maji yale ya siki yanachujwa, yanachemshwa tena na kumiminwa juu ya vipande vilivyopangwa kwenye chupa. Wapo wanaokaanga badala ya kutokosa; kanuni haibadiliki.

Ukiondoa dakika za motoni, kazi yote hufanyika ndani ya friji, kati ya nyuzi 0 na 4 za Selsiasi. Chombo kiwe cha kioo, plastiki ya chakula, enameli isiyobanduka au chuma kisichoshika kutu. Chumvi pima kwa mizani: kikombe cha chumvi laini kinaweza kuwa na uzito mkubwa zaidi ya kikombe cha chumvi ya mawe kwa theluthi au zaidi, na tofauti hiyo peke yake inatosha kuharibu kazi nzima.

Hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Karibu robo tatu ya uzito wa mnofu ni maji. Kwa hiyo kilo 1 ya minofu inaingia kwenye chupa na maji yake, kama mililita 750. Lita 1 ya siki ya asilimia 5 ina gramu 50 hivi za asidi. Asidi hiyo ikishasambaa kote, ndani ya nyama na nje, gramu 50 zimegawanywa kwenye lita 1.75, yaani chini kidogo ya asilimia 3. Sasa chukua anayechanganya siki na maji nusu kwa nusu kwa sababu ukali ulimshinda: gramu 25 kwenye lita 1.75 ni asilimia 1.4. Lebo inasema 5, samaki anapata 1.4.

Basi: siki isipungue maji uliyoongeza hata siku moja, na kwa samaki anayepikwa tunapendelea mililita 700 za siki na 300 za maji kwa kila kilo 1 ya minofu. Ukitaka upole, weka sukari. Sukari inapoza ukali ulimini bila kugusa asidi. Siki ya kienyeji isiyojulikana asilimia yake, pamoja na maji ya ndimu au limau, ziache kwa kachumbari. Nguvu yake hubadilika kutoka tunda hadi tunda na huwezi kuikisia.

Dalili za kutupa, bila mjadala

Kifuniko kimevimba. Chupa inafoka ukiifungua. Mapovu yanapanda yenyewe wakati chupa imetulia mezani. Vipande vina utelezi, au juu kuna ukungu, au harufu ni ya kuvunda. Hizi ni za kutupa, na usionje "kidogo tu" kuhakikisha. Mapovu hutoka kwa bakteria wanaostahimili siki: wanakula sukari na protini na kutoa kabonidioksidi. Hata wasipokuwa na sumu, kuwapo kwao kunakuambia kwamba asidi, chumvi au baridi haikutosha, na palipomtosha huyu pamewatosha na wengine.

Hatari kubwa zaidi haina dalili. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum hutengeneza sumu yake pasipo na hewa, na ndani ya chupa iliyojazwa hadi mdomoni hamna hewa. Haoti pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ikiwa 4.6 au chini ya hapo, lakini juu ya hapo aina yake inayohusishwa na samaki huweza kuota hata kwenye nyuzi 3 hivi za Selsiasi, na si lazima harufu wala rangi ibadilike. Kwa hiyo chupa iliyosahauliwa kabatini usiku mzima ni ya kutupa hata kama inanukia karafuu vizuri. Kuchemsha chupa iliyofungwa ili "ijifunge yenyewe" hakuigeuzi kuwa chakula cha kabatini. Samaki wa siki wa nyumbani ni chakula cha friji, na wiki 4 hadi 6 ndio mwisho wake.

Ukiwa na karatasi za kupimia pH, nunua zile za masafa mafupi, mfano 3 hadi 6. Za 0 hadi 14 hazionyeshi tofauti unayoitafuta. Na usipime maji. Maji yanakuwa na asidi tangu dakika ya kwanza. Anayechelewa ni samaki. Toa kipande kinene kuliko vyote, kisuuze, kikate katikati, chukua nyama ya moyoni tu, iponde na maji kidogo yaliyotoneshwa, kisha chovya karatasi kwenye uji huo. Mpaka ni 4.6. Sisi haturidhiki mpaka isome 4.2 au chini yake, maana macho hukosea rangi za karatasi.

Nyama imekuwa teketeke

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na dawa inayotolewa mara nyingi, yaani kuongeza siki, huzidisha ugonjwa.

Anza na chumvi. Protini ya samaki ikiingia kwenye asidi bila chumvi hunyonya maji na kuvimba. Chumvi ikiwa imetangulia, protini hiyohiyo hukazana na kutoa maji. Jaribu na vipande viwili vya mnofu mmoja, kimoja kiende moja kwa moja kwenye siki, kingine kipite kwanza kwenye chumvi. Baada ya siku mbili kile cha kwanza kimevimba, kingo zake ni kama jeli na kinakatikia kwenye uma. Cha pili kimesinyaa kidogo na kinakatika kwa kisu kikiacha uso laini. Kwa hiyo ukiona kulegea kumeanzia kingoni kuingia ndani, na vipande vimenenepa kuliko ulivyovipanga, chanzo ni chumvi: ilikuwa hafifu, au muda ulikatizwa, au vipande vilirundikana na maji ya chumvi hayakufika katikati ya rundo. Maji ya chumvi yawe angalau lita 1 kwa kilo 1 ya samaki, na uvigeuze mara moja au mbili.

Kama nyama imelegea sawasawa, nje na ndani, chanzo kiko nyuma zaidi. Samaki alikuwa ameanza kuharibika kabla hujamgusa, au alikaa na utumbo wake, na vimeng'enya vya tumboni vikaanza kumla; hapo utaona nyama ya tumbo imepasuka na mifupa ya mbavu imejitokeza peke yake. Na hapa kuna mtego. Asidi huzishika kemikali zinazotoa shombo zisiruke hewani. Samaki aliyeanza kunuka, ukimtia siki, anaacha kunuka. Ubovu uko palepale. Pua itumike kabla ya siki; baada ya hapo ushahidi wake hauna thamani.

Kugandisha taratibu nako hulegeza. Mnofu mnene uliotupwa kwenye friza iliyojaa huganda polepole, chembe za barafu zinakua kubwa na kupasua nyama, na ukiyeyuka unaacha dimbwi la maji. Gandisha minofu bapa, safu moja, kwenye mifuko iliyotolewa hewa, uyeyushe ndani ya friji na si kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

Mwisho kuna muda. Hata samaki aliyefanywa vizuri huendelea kulainika chupani. Wiki ya pili ana utamu wake, ya tano anaelekea kuwa laini, na hilo si kosa. Nyama iliyolegea hairudi ikakaza kwa chumvi ya baadaye. Kama haina dalili za kutupa na pH yake ni sawa, iponde na kitunguu uipake kwenye mkate.

Ngumu kama mpira, au kavu yenye nyuzinyuzi

Kwa samaki aliyetokoswa, moto ulizidi. Maji ya siki yatikisike tu. Yakichemka kwa kufoka, nyama inajikunja na kukamua maji yake. Jingine ni kumwacha apoe ndani ya sufuria ya moto: anaendelea kuiva nusu saa baada ya wewe kuzima jiko.

Kwa asiyepikwa, ugumu wa mpira unatoka kwenye chumvi ya siku nyingi, au chumvi yenyewe. Chumvi ghafi yenye magnesiamu na kalsiamu nyingi hugeuza nyama nyeupe kama chokaa, ikakakamaa na kuacha uchungu. Tumia chumvi safi isiyo na kitu cha kuzuia kugandana. Isiyo na madini joto ni bora zaidi, kwa sababu yenye madini hayo inaweza kutia nyama rangi.

Katikati bado panang'aa

Kata kipande kinene na ukitazame kwenye mwanga. Nyama iliyofikiwa na siki ni nyeupe, haipitishi mwanga. Ambayo haijafikiwa ina mstari wa katikati unaong'aa kama kioo cha kijivu, wakati mwingine na uwekundu karibu na uti. Vipande vilikuwa vinene mno, au vilibanana, au ngozi ilielekea ngozi na siki haikupata njia. Rudisha kwenye siki mpya ya asilimia 5 kwa saa 24 nyingine, ndani ya friji, halafu ukate tena kingine. Ila weupe usikudanganye kwamba samaki "ameiva". Siki imebadilisha protini, haikuua minyoo.

Minyoo

Mabuu ya minyoo wa samaki wa baharini na wa maji baridi wanaweza kubaki hai kwenye chumvi na siki ya kiasi kinacholika. Kwa samaki asiyepita motoni hakuna njia ya mkato: nyuzi 20 chini ya sifuri, siku 7 kamili, zikihesabiwa tangu mnofu ulipofika baridi hiyo na si tangu ulipofunga mlango. Friza nyingi za nyumbani husimama kwenye 18 chini ya sifuri, kwa hiyo tia kipimajoto ndani. Ikishindwa kufika, fuata njia ya kupika.

Ukimkuta mnyoo kwenye chupa, swali ni moja tu: samaki huyu aligandishwa ipasavyo, au alipikwa? Kama jibu ni ndiyo, mnyoo amekufa na kinachobaki ni kinyaa. Kama hujui, tupa.

Uso mwekundu, kichwa kuuma, muwasho baada ya kula

Dalili zikija ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili, hasa kwa jodari, vibua, dagaa na jamaa zao, fikiria histamini. Hutengenezwa na bakteria samaki anapokaa kwenye joto baada ya kufa, na ikishakuwamo hakuna kinachoiondoa: si moto, si barafu, si siki. Wakati mwingine ulimi huisikia kama pilipili ambayo hukuitia. Acha kula, tupa chupa zote za samaki huyo, na mtu akibanwa pumzi apelekwe hospitali papo hapo. Marekebisho yako siku ya kununua: samaki aliyelala kwenye barafu tangu avuliwe, au usimnunue.

Chumvi imezidi, siki inakata, kuna uchungu

Chumvi iliyozidi hurekebishwa kabla ya siki, si baada. Baada ya kusuuza, kata kipande kidogo ukitokose kwenye maji matupu uonje. Kikiwa kikali, loweka vipande vyote kwenye maji baridi ndani ya friji saa moja, badilisha maji, onja tena. Ukishaweka kwenye chupa, usimwage maji ndani ya chupa ili kupunguza chumvi wala ukali. Utakuwa umepunguza kinga. Toa vipande vya kula leo tu, uviloweke nusu saa, uvile leo.

Uchungu una washukiwa watatu. Karafuu na viungo vingine vilivyobaki ndani ya chupa huendelea kutoa ladha kwa wiki nzima, ndiyo maana maji huchujwa. Karafuu 3 au 4 nzima zinatosha lita 1. Nyama nyeupe ya ganda la limau, vipande vikiachwa ndani siku nyingi. Na nyongo: ikipasuka wakati wa kumtumbua samaki inaacha doa la kijani-njano kwenye ukuta wa tumbo. Kuosha hakutoshi, kata sehemu hiyo uitupe.

Maji yamechafuka

Hapa ndipo watu hutupa chupa nzima bure, au huila isiyofaa. Iache chupa wima ndani ya friji siku moja bila kuigusa. Vumbi la viungo vilivyosagwa, unga wa samaki aliyekaangwa na kitu cha kuzuia chumvi kugandana vyote hutua chini, juu pakabaki angavu. Hiyo ni kasoro ya macho. Safari ijayo tumia viungo vizima, na ukikaanga usipake unga. Maji yaliyobaki kama maziwa, yanayonata kwenye kijiko au yenye mapovu madogo kandokando ya kioo, yarudishe kwenye orodha ya kutupa.

Weupe hafifu usiotua siku mbili za mwanzo ni protini iliyotoka kwenye nyama isiyosuuzwa vizuri. Chupa iliyofanywa kwa siki mpya baada ya loweko la kwanza huwa nayo mara chache, na ndiyo faida mojawapo ya kumwaga siki ile ya kwanza, hata kama inauma kuimwaga.

Rangi na mengine ya kutisha bure

Kitunguu saumu kimegeuka kijani au buluu: asidi imekutana na salfa iliyomo ndani yake. Kinalika. Samaki amepata uwaridi: kitunguu maji chekundu kimetoa rangi. Kijivu cheusi chenye ladha ya chuma ni sufuria ya alumini, shaba au chuma kitupu kilicholiwa na siki. Hicho usile, na kifuniko cha chupa kilichobanduka rangi kibadilishe.

Njano-kahawia kwenye vipande vya juu vilivyochomoza nje ya maji, pamoja na harufu ya mafuta ya zamani, ni mafuta ya samaki yaliyochacha kwa hewa. Samaki wenye mafuta mengi ndio waathirika wakubwa. Vipande vizame kabisa, chini ya maji kwa sentimita 1 hadi 2, vikigandamizwa na pete za kitunguu ikibidi.

Maji yaliyoganda kama jeli kwenye friji kwa samaki aliyepikwa na ngozi na mifupa yake ni jelatini tu. Iache chupa mezani dakika 10 kabla ya kupakua, iyeyuke, toa unachokula, uirudishe mara moja. Mafuta ya zeituni yakiganda vipandevipande vyeupe juu, nayo huyeyuka hivyohivyo. Na vimiba vidogo ulivyosahau kung'oa, baada ya wiki mbili hivi huenda usivisikie: siki hulainisha mifupa myembamba. Mwiba mnene haulainiki, ung'oe kabla.